Umepewa Kona ya Mijusi: Mwongozo kwa Anayekwenda Kufanya Kazi Duka la Wanyama Ghuba

Siku yangu ya kwanza kazini, nje joto lilikuwa nyuzi 44, na ndani ya duka nikamshika mjusi wa jangwani aliyekuwa baridi kama soda iliyotoka friji. Kiyoyozi kilikuwa kimewekwa nyuzi 21 ili wateja wasitoke jasho. Taa ya tangi lile ilikuwa imeungua, na hakuna aliyejua imeungua tangu lini. Angekuwa paka angelia, angekuwa mbwa angekwaruza mlango. Mjusi alikaa kimya akiganda, na watu walikuwa wakipita wakisema, "Huyu ni mpole kweli."

Tangu nirudi Kisumu, kila baada ya miezi michache napigiwa simu na kijana wa Kondele, Manyatta au Nakuru. Wakala amempatia kazi ya duka Ghuba, mkataba unasema "muuzaji", lakini akifika anasukumiwa kona ya nyoka, kobe na vyura kwa sababu wenzake wote wanaogopa. Nilifanya kazi hiyo miaka minne katika duka moja lenye matawi mengi, na hata mimi nilisukumiwa vivyo hivyo. Haya ndiyo niliyotamani mtu anieleze kabla sijapanda ndege.

1. Malizana na woga ukiwa bado nyumbani

Nenda Makumbusho ya Kisumu kabla hujasafiri. Pale kuna nyoka, mamba na kobe, na kiingilio si cha kukufilisi. Simama mbele ya nyoka hadi moyo utulie, kisha muulize mtunzaji anavyofungua, anavyosafisha, anavyofunga. Nusu saa pale itakufaa kuliko video mia.

Najua tumelelewa vipi. Waluhya wana hadithi ya kinyonga aliyenyimwa chakula na binadamu akamlaani afe, na nyoka aliyempa chakula akabarikiwa kujivua ngozi na kuishi. Upande wa Nyakach, chatu anayeitwa Omieri aliheshimiwa kama mleta mvua na mavuno, na alipoonekana tena mwaka 2003 watu walisafiri kwenda kumwona. Kwa hiyo unaweza kwenda na hofu au na heshima, yote yapo kwetu. Beba heshima. Mwenye hofu humbana mnyama kupita kiasi au humwangusha, na mara nyingi huyo ndiye anayeumwa.

Kushika kwenyewe si kugumu. Nyoka mbebe kwa mikono miwili, mwili wake uegemee, na usimkamate nyuma ya kichwa kama kwenye sinema. Mjusi mwinue kutoka chini ya kifua. Mjusi kafiri usimguse mkia kabisa, kwani ataukata na kukuachia ukirukaruka mkononi, na mkia unaoota tena huwa kibonge, usiofanana na wa kwanza. Duka letu liliwauza wa namna hiyo kwa nusu bei.

2. Joto: amini kipimo, usiamini mkono

Hapa ndipo wanyama wengi wa madukani huharibikia, kwa hiyo vumilia nikikaa kidogo.

Reptilia, yaani nyoka, mjusi au kobe, hatengenezi joto lake mwenyewe. Ukipita miamba ya Kit Mikayi asubuhi utaona mijusi wamejianika juu ya mawe, na jua likikolea wanaingia kwenye nyufa. Wanapanda na kushuka kutafuta nyuzi zinazowafaa, kwa sababu bila joto hilo chakula hakisagiki tumboni na mwili haupigani na ugonjwa. Kwenye tangi la kioo, wewe ndiwe jua na wewe ndiwe ufa wa mwamba. Ni lazima upande mmoja uwe wa moto, upande wa pili uwe wa baridi, na kila upande uwe na pango la kujificha. Ukiweka pango moja tu, mnyama atalazimika kuchagua kati ya kujificha na kupata joto, na wengi watachagua kujificha huku wakidhoofika.

Nambari za kuanzia, uziandike kwenye simu yako:

Mjusi mwenye ndevu wa Australia anataka sehemu ya kuota jua yenye nyuzi 38 hadi 42, na upande wa baridi nyuzi 24 hadi 27. Mjusi kafiri mwenye madoa ya chui, ambaye asili yake ni Afghanistan, Pakistan na jirani zake, pango lake la moto liwe nyuzi 31 hadi 33. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa, upande wa moto nyuzi 31 au 32, wa baridi 25 au 26. Kobe maji mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho: maji nyuzi 24 hadi 26, na jiwe kavu la kupanda lenye nyuzi 32 hadi 35.

Halafu kuna wale ambao joto huwaua. Mjusi kafiri wa New Caledonia, mwenye kope kama nywele, huteseka ukipita nyuzi 28. Aksolotli wa Mexico, jamaa wa vyura mwenye mkia anayeishi majini, anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18, tena Ghuba! Bila mashine ya kupoza maji usikubali hata kumpokea.

Kipimajoto cha kubandika kioo hupima kioo tu. Tafuta chenye waya na ncha ya kulaza pale mnyama anapolala, au kile cha kuelekeza kama bunduki, kinachofanana na tulichopimwa nacho mlangoni enzi za Korona. Kila hita lazima iwe na thamostati, kile kifaa kinachoizima joto likifika kiwango na kuiwasha likishuka. Mawe yanayopashwa moto kwa umeme usiyatumie hata kama yanauzwa rafu ya pili. Tumbo la reptilia halihisi kuungua haraka, na nimewaona wenye malengelenge ambao walikuwa bado wamelala pale pale.

Ukifika kazini, kabla ya kuwasha kompyuta ya malipo, zunguka na daftari uandike nyuzi za kila tangi, pande zote mbili. Jioni rudia. Supavaiza wangu alinicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu, kiyoyozi cha jengo kilipozimwa usiku, daftari hilo ndilo lililotuonyesha matangi gani yalikuwa yamepanda.

3. Taa inayowaka inaweza kuwa imekufa

Mijusi wa mchana, vinyonga na kobe wanahitaji UVB, mionzi fulani iliyomo kwenye jua, ili ngozi itengeneze vitamini D3. Bila hiyo vitamini kalsiamu haiingii mifupani, na mifupa inalainika. Tatizo ni kwamba macho yetu hayaioni UVB. Bomba la taa linaweza kung'aa vizuri kabisa ilhali mionzi iliisha zamani. Nyingi hubadilishwa kati ya miezi 6 na 12 kulingana na mtengenezaji. Kwa hiyo ukifunga taa mpya, bandika utepe kwenye kishikio na uandike tarehe.

Kioo huzuia UVB. Mtu akikwambia "si jua linaingia dirishani," mjibu kwa upole kwamba dirishani huingia joto na mwanga tu. Wavu wa juu ya tangi nao hupunguza mionzi, ndiyo maana taa iliyo juu sana haina kazi. Zima taa zote usiku, saa 12 za giza. Maduka hupenda kuziacha ziwake ili kona ipendeze ukipita nje, na hapo utabishana na mtu wa matangazo. Bishana.

4. Maji

Bakuli lisafishwe kila siku, hata kama linaonekana safi. Kinyonga wa Yemen hatambui bakuli. Huyu hunywa matone kutoka kwenye majani, kwa hiyo nyunyiza asubuhi na alasiri hadi umwone akilamba. Nilikuta duka jirani vinyonga wakikauka macho mbele ya bakuli lililojaa.

Chatu anataka unyevu wa asilimia 55 hadi 70. Ukiona amejivua ngozi vipande vipande kama karatasi iliyonyeshewa, unyevu ulikuwa mdogo. Mjusi wa madoa wekea kiboksi chenye tundu na tishu mbichi ndani, atajivulia humo. Baada ya kila kujivua kagua vidole. Ngozi kavu ikibaki kama pete, damu haifiki, na kidole kitakatika.

5. Vyura wana kitabu chao

Usimtunze chura kama mjusi anayependa maji. Chura hanywi kwa mdomo. Maji anayavuta kwa ngozi ya tumbo na mapaja, na chochote kilichomo kwenye maji au mkononi mwako kinapita humo humo. Wale wanaojaza mashamba ya mpunga ya Ahero kwa kelele wakati wa masika wamekaa kwenye matope, lakini si kwenye klorini.

Maji ya bomba yawekee dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi siku nzima husaidia kwa klorini ya kawaida, lakini miji mingine hutumia kloramini ambayo haitoki kwa kusubiri. Mkono uliopakwa losheni au sanitaiza usimguse chura hata kwa kidole. Vaa glavu zisizo na poda, zilowe kwanza kwa maji safi. Jik na sabuni zisikaribie tangi lake. Osha kwa maji ya moto, suuza, kausha.

Chura mwenye pembe wa Amerika Kusini anakula chochote kinachopita mbele ya mdomo wake, hata mwenzake. Kila mmoja alale peke yake.

Kuna pia kuvu wa ngozi, chytrid, aliyetambuliwa na wanasayansi mwishoni mwa miaka ya 1990. Amemaliza vyura katika mabara kadhaa, na biashara ya wanyama ilichangia kumsambaza. Maji ya tangi la vyura usiyamwage kwenye bustani wala mtaro wa mvua. Yatie dawa kwanza, kisha yaende chooni.

Kuhusu aksolotli nina la kuungama. Jioni moja nilichomoa plagi ya mashine ya kupoza ili nichomeke ya kufagilia, nikasahau kurudisha. Kesho yake nilikuwa mapumziko. Siku ya tatu asubuhi maji yalikuwa nyuzi 27, mmoja amekufa, wa pili matamvua yamejikunja kuelekea mbele, kama mtu aliyejikunyata. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiangalia. Tangu siku hiyo kila plagi ya kona yangu ilikuwa na utepe mwekundu: USIGUSE, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kihindi.

6. Chakula

Nyenje. Utawasikia usiku kucha ndotoni. Kwa mtu wa huku si kitu kigeni; Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kina kituo cha utafiti wa wadudu kama chakula, na kumbikumbi tunawala wenyewe. Lakini nyenje mwenye njaa ni ganda tupu. Mlishe yeye kwanza kwa siku moja au mbili, majani na karoti, ndipo mjusi apate kitu. Fosforasi yake imezidi kalsiamu mara nyingi, kwa hiyo kabla ya kumtoa mtie kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu, utikise kama unavyotikisa njugu kwenye chumvi.

Ukubwa wa mdudu usizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Wasioliwa kwa robo saa uwatoe, kwa maana usiku wao ndio watakaomtafuna mjusi vidole na kope.

Mboga za mjusi mwenye ndevu na kobe wa nchi kavu: sukuma wiki ni nzuri, ina kalsiamu. Spinachi iwe kidogo sana, kwani tindikali yake huifunga kalsiamu isitumike. Letusi nyeupe ni maji tu, hata kama ndiyo inayoletwa kila wiki na lori.

Nyoka hula panya waliogandishwa. Myeyushe friji usiku kucha, kisha umweke kwenye maji ya uvuguvugu hadi awe na joto la mwili, umpe kwa koleo ndefu. Maikrowevu marufuku, panya hupasuka. Unene wake usizidi sehemu nene zaidi ya nyoka. Baada ya kula usimshike kwa saa 48, la sivyo atatapika. Chatu akikataa kula wiki kadhaa usihangaike, ndivyo alivyo. Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito, mwite daktari. Na uangalie mbele ya tangi: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini kidole cha mtoto kinachogonga kioo kutwa nzima humzuia nyoka kula.

7. Mzigo mpya unapofika

Boksi zikifika, mteja asubiri. Fungua kwenye chumba cha nyuma, mwanga hafifu, hesabu walio hai na waliokufa, piga picha, linganisha na karatasi. Wengi wako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na karatasi isiyolingana na spishi iliyo ndani ya boksi irudishwe kwa bosi kabla hujatia sahihi jina lako.

Wape maji kwanza. Chakula kesho. Matandiko yawe tishu za jikoni, si mchanga, ili uone kinyesi na damu, na pia kwa sababu mijusi wadogo humeza mchanga hadi matumbo yanaziba. Watengwe siku 30 angalau, na koleo lao, bakuli lao na kitambaa chao. Najua duka halina nafasi hiyo. Basi angalau uwahudumie wa mwisho kila siku, baada ya wale wa zamani, na usichanganye wa mizigo miwili kwenye tangi moja hata kama wanafanana kama mapacha.

8. Kumsoma asiyelia

Mdomo ukitoa mapovu au ukiwa wazi muda wote: mapafu. Taya laini, mikono ikitetemeka: kalsiamu. Vidoti vyeusi vinavyotembea karibu na macho ya nyoka, au nyoka anayelala ndani ya bakuli la maji: utitiri, na wiki ijayo utakuwa kona nzima. Mjusi wa madoa aliyenona kisha mkia ukawa kama kijiti ingawa anakula: mtenge siku hiyo hiyo, huenda ana vimelea vya kriptosporidia ambavyo Jik haiviui. Kinyonga anayefumba macho mchana yuko taabani.

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu kuliko nyoka. Bosi atasema, "Mwuze leo kabla hajafa." Usigombane naye kwa mdomo, uko ugenini na kibali chako cha kukaa kiko kwake. Mpelekee daftari: tarehe, uzito, nyuzi, picha. Mwonyeshe kwamba mteja atarudi na maiti na atadai pesa na ataandika mtandaoni. Bosi wangu hakuwahi kushawishika kwa huruma hata siku moja, lakini hesabu alizisikiliza. Chumba cha wagonjwa tulikipata hivyo, baada ya miezi saba ya daftari.

9. Mteja

Mwulize tangi liko tayari au la. Kama halijawashwa siku moja kabla, auziwe tangi leo, mnyama kesho. Wengi hurudi.

Kobe maji mdogo kama sarafu ndiye atakayekusumbua, kwa sababu watoto humlilia. Mweleze mzazi kwamba atafikia sentimita 25 au zaidi na anaweza kuishi miaka 30, na akichoshwa naye asimtupe bwawani. Mwambie pia kuhusu salmonela, bakteria wa kuharisha. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Reptilia mwenye afya kabisa anaweza kubeba bakteria hao. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito au mzee dhaifu, ni heri wanunue samaki. Wewe mwenyewe nawa kwa sabuni baada ya kila tangi, na vyombo vya kona yako visioshwe kwenye sinki la chai ya wafanyakazi.

10. Kufunga duka

Gusa kila kufuli kwa mkono. Nyoka mwembamba hupita kwenye upenyo unaoingia penseli. Piga picha ya vipimajoto, zima taa, hakikisha plagi zenye utepe mwekundu ziko ndani, ndipo uchukue basi.

Na ukirudi nyumbani

Utakuwa na ujuzi ambao wachache huku wanao, na atatokea mtu wa kukushawishi mfungue biashara ya vinyonga na kobe wa porini. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori Kenya, kumiliki au kuuza mnyamapori, na adhabu zake si za kuchezea. Mwezi uliopita kijana alikuja kwangu Milimani na kinyonga kwenye boksi la viatu, akitaka nimwambie bei. Nilimuuliza alimtoa mti gani. Tukapanda bodaboda wote watatu tukamrudisha.